Kona ya Mgongo

Mawese yakianza kutoa moshi kwenye kikaango, watu wengine huwaza maharage. Mimi huwaza magoti yangu. Juzi hapa Kasese jirani alikuwa anakaanga vitunguu na mlango wazi, harufu ikapanda hadi kwangu, na kabla sijajua ninafanya nini mkono ulikuwa umeshateremka kutafuta kovu lililo chini ya goti la kulia. Bado lipo, limekaza kama mshono wa gunia. Sijawahi kulionea haya. Kuna watu wanaoamini kwamba msichana mwenye makovu ya magoti alikosa wa kumlea, na mimi nimelelewa mpaka nikachoka kulelewa.

Harufu ile ilikuwa ya baba kabla haijawa ya magoti. Baba alikuwa mtu wa chukudu kule Butembo, upande wa Kongo. Wenzangu mliokulia karibu na mpaka mnaijua: skuta kubwa ya mbao tupu, gurudumu moja mbele na moja nyuma, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Mzigo unakaa katikati, mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma, na akifika kwenye mteremko anauachia mteremko umalize kazi. Baba alibeba madumu ya mawese. Shati lake lilinuka mawese, kitanda chao kilinuka mawese, hata sarafu aliyonipa Jumapili ya kutoa sadaka ilikuwa na utelezi. Jioni akirudi bila mzigo alinipandisha mbele yake, nikashika usukani katikati ya mikono yake, na mimi nilijua kwa hakika kwamba ni mimi ninayeendesha.

Alifia kwenye kona. Zaidi ya hapo hakuna aliyeniambia kitu, maana kwetu mtoto haambiwi msiba, anaugundua mwenyewe pale sahani ya mtu isipopakuliwa. Wakubwa walizungumza juu ya kichwa changu. "Ile kona ndiyo ilimumaliza." "Ilikuwa ya kushoto, akaikosa." Na mwingine, jirani ambaye sijamsamehe hadi leo, akasema polepole kwamba siku ile marehemu alikuwa amekunywa. Mtoto husikia yote na kuelewa nusu. Mimi nilielewa kwamba kona za kushoto zinaua watu, hasa watu wa ukoo wetu, na kwamba kuna mtu anamsingizia baba yangu ili kuitetea kona.

Mama alibaki na wadogo zangu wawili mikononi na dada yetu mkubwa wa kumsaidia, kwa hiyo mimi nikavushwa mto wa mpakani, nikaletwa Bwera, upande wa Uganda, kwa Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameolewa na Mkonzo, yaani mtu wetu wa upande huu, na kisha kufiwa naye. Ng'ambo niliitwa Kavira. Bwera wakaniita Biira. Kwa watu wetu jina la mtoto ni zamu yake ya kuzaliwa, na msichana wa pili ni Kavira upande ule na Biira upande huu. Jina lilikuwa lile lile, liligongewa muhuri tu mpakani. Lakini mimi sikuwa nimeulizwa. Nilikaa wiki mbili bila kuitika. Shangazi aliita Biira mpaka kina Biira wote wa mtaa wakawa wanakuja kuuliza wanatumwa wapi, ndipo akaketi kwenye kigoda chake, akanitazama, akasema, "Basi Kavira. Lakini kuni ni zile zile." Ndivyo tulivyoanza kuishi pamoja, wabishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili.

Kwenda shule ilibidi kukata kushoto penye mashine ya kusaga mihogo. Mimi sikukata. Nilikata kulia, nikazunguka nyuma ya kanisa, nikakata kulia tena, na tena, mpaka nikatokea mahali ambapo wenzangu walishapita zamani. Nilichelewa kila siku. Mwalimu wa zamu alinichapa kila siku, akaniuliza sababu kila siku, na kila siku nilinyamaza. Ningesema ukweli angecheka, na fimbo niliiona nafuu kuliko kicheko.

Kisha kikaja kile kitu. Jirani yetu Mama Masika alikuwa anauza mivumba sokoni, nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, na ndani ya balo la viatu alikuta ubao mfupi, mnene, uliopinda nyuma, wenye magurudumu manne ya rangi ya chungwa. Hakuna aliyeutaka. Alimpa Shangazi kama nyongeza juu ya koti alilonunua, na Shangazi akauleta nyumbani kwa nia ya kukatia mboga juu yake. Mimi niliugeuza. Magurudumu ya nyuma yalikaa imara, ila ya mbele yalikuwa yamefungwa kwenye chuma kinachozunguka: ukikisukuma kulia kinakwenda kulia, ukikisukuma kushoto kinakwenda kushoto, kisha kinarudi chenyewe katikati. Leo najua kitu hicho kinaitwa surfskate, na kwamba kilitengenezwa hivyo makusudi, ili mtu ageuke juu ya lami kama wale wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari. Bahari sijaiona hadi leo na sioni imenipunguzia nini. Siku ile nilijua jambo moja tu. Sehemu ya mbele inazunguka, kwa hiyo hii ni chukudu ya mtoto, na kuna mwizi aliyeiba usukani.

Nikampelekea fundi wa baiskeli aliyekaa kwenye kibaraza cha duka la saruji. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mkavu aliyeziongelesha spoku kwa amri za gwaride na kumwita kila kiumbe afande, hata mbuzi.

"Afande kidogo, nini hiyo?"

"Chukudu. Usukani iliibwa."

Alikizungusha chuma cha mbele mara tatu, akainua nyusi, akakubaliana nami. "Kweli. Hii kitu iko pungufu."

Akatoboa pua ya ubao, akapitisha bomba la chuma, akalichomelea kwenye chuma cha mbele, na juu yake akaweka usukani wa baiskeli iliyokufa. Grisi ilikuwa imemwishia, tukapaka mawese kwenye bolti. Tulisimama tukaitazama kazi yetu, tukajipongeza. Kama mnataka kujua jinsi watu wawili wenye akili timamu wanavyoweza kuharibu kitu kizima kwa kukitengeneza, mngekuja siku ile.

Barabara ya kwetu ilikuwa imewekwa lami karibuni. Ilianzia juu penye mikalatusi, ikateremka hadi sokoni, na katikati ya mteremko kulikuwa na kona. Ya kushoto, bila shaka. Upande wa nje wa kona kulikuwa na mtaro wa mawe. Mtaniuliza kwa nini mtoto aliyeogopa kona za kushoto kiasi cha kuchapwa kila asubuhi aliichagua hiyo. Niliichagua kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilitaka kujua kama kona inaua mtu ambaye hajalewa, na mimi sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya uji.

Nilipiga goti juu ya ubao kama baba, nikasukuma kwa mguu, nikateremka. Sehemu iliyonyooka ilikuwa tamu. Nikafika kwenye kona, nikauzungusha usukani kushoto, na ubao ukatii papo hapo. Ubao uligeuka, mimi sikugeuka. Niliendelea mbele kwa njia yangu hadi kwenye mtaro. Mara ya kwanza kilichubuka kiwiko. Mara ya pili kidevu. Mara ya tatu usukani ulikatika pale ulipochomelewa, na goti la kulia likafunguka mpaka nikaona kitu cheupe ndani, nikashangaa kwamba ndani yangu kuna weupe.

Shangazi aliliosha lile goti kwa maji ya chumvi ya Katwe, ile ya kijivu isiyo na huruma. Alinishika kifundo cha mguu nisikimbie. Mama Masika alikuwa amekuja kushuhudia, maana hakuna jeraha mtaani lililomkosa, akasema lile analolisema kila mtu, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliitazama miguu yangu. Yote miwili ilikuwepo, na nikamwambia hivyo.

Shangazi hakucheka. "Sikiliza, Kavira. Damu ingine moja, hii mbao inaingia kwa moto. Umesikia? Moja tu."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu mimi nimesema."

Nataka mnielewe hapa, maana mtu mzima husahau upesi kitu kidogo kinavyoweza kuwa kikubwa. Nguo zangu zilikuwa za binti wa Mama Masika. Mkeka wangu ulikuwa wa marehemu mume wa Shangazi. Jina langu nililazimika kulipigania wiki mbili. Ule ubao ndio kitu pekee upande huu wa mto kilichokuwa changu, na kilikuwa changu kwa njia ambayo sikuweza kumweleza mtu: nikiwa juu yake nilikuwa mtoto wa mtu wa chukudu. Ukiingia motoni, kona itakuwa imetushinda mara mbili, baba kisha mimi. Nilimpenda Shangazi, lakini usiku ule nilimchukia, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

Fundi naye alikataa kunisaidia tena. "Chuma imechoka, afande," alisema, "na mimi pia." Alifungua kile kibomba kilichobaki, akanirudishia ubao mtupu, umetobolewa pua. Nikauficha nyuma ya ukuta wa sakafu ya saruji ambako watu wa mtaani walianika kahawa. Msimu wa kahawa ulikuwa umepita, sakafu ilikuwa wazi, nayo ilikuwa njiani tukitoka shambani.

Shamba la Shangazi lilikuwa juu mlimani, kwenye mwinuko ambao mtu wa nchi tambarare angeutumia kuangalia tu. Tulibeba kuni na mihogo kwa namna ya kwetu: mzigo mgongoni, kamba inapita chini ya mzigo na kupanda hadi kwenye paji la uso. Kichwa ndicho kinachovuta. Mikono iko huru, ila shingo imefungwa. Njia ya kuteremka ilikwenda kwa kukatakata, kulia kisha kushoto, na kila ilipokata nilitaka kugeuza miguu kwanza, mzigo ukanivuta pembeni, nikayumba. Shangazi alikuwa nyuma yangu, mzigo wake mara tatu ya wangu, akisema bila hata kuhema.

"Hapana miguu. Macho kwanza. Angalia kule unaenda. Kifua kifuate macho, kiuno kifuate kifua. Miguu itajua yenyewe."

"Na mzigo?"

"Mzigo iko wewe. Ukigeuka wote, unageuka nao. Ukigeuka nusu, unakuacha."

Aliyasema hayo kila siku, na kila siku niliyasikia kama mtu anavyosikia kengele ya kanisa la wengine. Mpaka jioni moja. Nilikuwa nimechoka, tumefika kwenye sakafu ya kahawa, na Shangazi alikuwa ametangulia nyumbani kuwasha moto. Hatua zilizobaki hadi upande wa pili zilinishinda. Nikautoa ubao mafichoni, nikasimama juu yake na kuni zangu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mguu wa kushoto mbele, nikajisukuma. Uvivu mtupu. Njia ya kutokea ilikuwa kushoto. Niliitazama. Shingo haikuweza kugeuka peke yake, kwa hiyo kifua kikaenda nayo, kiuno kikafuata, visigino vikakandamiza, na ubao ukachora duara safi kwenda kushoto na kuniweka mbele ya njia kana kwamba nimeagiza.

Nilisimama pale. Ilichukua muda kuelewa nilichofanya. Nilikuwa nimekata kushoto, na nilikuwa hai. Niliketi chini na mzigo wangu mgongoni, nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia siku ya msiba kwa sababu siku ile hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo siku yenyewe. Kisha nikafuta makamasi, nikarudia tena.

Kuanzia hapo sikuwa mtu wa kuambiwa kitu. Kila jioni nilipita pale. Nikagundua kwamba kona ni mbili. Kuna kona ya kifua, ya kulia kwangu, ambapo unainamia vidole vya miguu na kuiona ardhi unayoiendea. Hiyo ni rahisi, hata kuku angeiweza. Na kuna kona ya mgongo, ya kushoto, ambapo unaketi juu ya visigino kama juu ya kigoda kisichokuwepo, mgongo unatangulia mahali usipopaona, na dawa pekee ni kulipeleka jicho juu ya bega la kushoto hadi kule unakotaka kufika. Ukitazama miguu, unaanguka. Ukitazama mtaro, unakwenda mtaroni, tena kwa adabu zote. Magoti lazima yakunjwe. Nikagundua pia kwamba ukiyumbisha mabega kushoto na kulia, chuma cha mbele kinakusukuma chenyewe, huhitaji hata kugusa chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mwizi aliyeiba usukani. Usukani nilikuwa mimi.

Mwanzoni nilifanya yote hayo na kamba ya mzigo kichwani, na kapu lenye mihogo miwili mgongoni, kwa sababu bila kamba shingo ilinisaliti. Halafu kapu tupu. Halafu kamba peke yake. Mwishoni bila kitu. Nilianguka, naam, lakini nilijifunza kuangukia makalio, na makalio hayatoi damu kirahisi. Damu ndiyo iliyokuwa imekatazwa. Mengine hayakutajwa.

Siku moja tukiteremka kutoka shambani nilimuuliza Shangazi bila kugeuka nyuma, kwa sababu yapo maswali ambayo huyawezi ukimwona mtu uso.

"Baba alikuwa amekunywa?"

Nikasikia nyayo zake zinasimama. Mwenye mzigo hasimami kwenye mteremko, kuanza tena ni kazi. Yeye alisimama.

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Baba yako hakukunywaka. Hata ndizi ikichacha alikuwa anaipisha."

"Basi juu ya nini alikosa kona?"

"Madumu yalikuwa mengi," akasema. "Chukudu iligeuka, mzigo ukakataa. Madumu mawili ya juu yalikuwa yangu, Kavira. Nilimutumia habari, nikamuambia aongeze. Aliniambia inatosha, nikamuambia ongeza."

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nilitazama njia, nikageuza kifua, nikaendelea kuteremka, na baada ya muda nikasikia nyayo zake zimeanza tena nyuma yangu. Lakini kesho yake asubuhi penye mashine ya kusaga mihogo nilikata kushoto, nikafika shule kabla ya kengele. Mwalimu wa zamu alibaki na fimbo mkononi, hajui aifanyie nini.

Sasa, mtu aliyejifunza kugeuka kwenye sakafu ya kahawa na akaishia hapo, huyo amejifunza nini? Kona ilikuwa barabarani. Jumamosi moja mchana nikaupandisha ubao hadi chini ya mikalatusi. Nilikuwa nimeteremka nusu tu, kujaribu mwendo na kusimama kabla ya kona, Mama Masika akaniona akitoka sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Nilimsikia kabla sijafika nyumbani. "Mutoto wako anateremuka barabara umesimama," alikuwa anasema, akichanganya hata nafsi ya pili na ya tatu kwa jazba. "Musichana. Miguu amepanua, watu wote wanaona. Kesho utaniita kumubeba kwa mkeka."

Shangazi alitoka jikoni na panga la kuni. Hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono wa pili, akasema, "Lete."

Niliukumbatia ubao kifuani. "Ulisema damu. Angalia. Iko wapi damu?"

"Lete, Kavira."

"Nilijifunza kugeuka."

"Hata yeye alijua kugeuka." Sauti yake ilivunjika kidogo mwishoni, na ndipo nilipoona kwamba hanitazami mimi, anaitazama barabara nyuma yangu. Nilikuwa nimedhani muda wote ule kwamba ni mkali. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko mimi, na alikuwa na sababu ya kuogopa ambayo mimi sikuwa nayo. Ningekuwa mtoto mwema ningeuweka ubao chini pale pale, tukalia wote wawili, na hadithi ingeishia hapo. Sikuwa mtoto mwema.

"Yeye alibeba madumu," nikasema. "Mimi nabeba mimi. Na kugeuka ni wewe ulinifunza. Macho kwanza, kifua, kiuno. Ni maneno yako. Kama ni uongo, upasue. Njoo usimame kwenye kona na panga lako. Nikianguka nitaupasua mwenyewe, nitawasha moto mwenyewe, na sitalia."

Mama Masika akasema sikio la kufa halisikii dawa. Shangazi akapita kando yangu, panga mkononi, akaelekea barabarani. Alikwenda kusimama penye kona, upande wa nje, ndani kabisa ya mtaro wa mawe, mahali ambapo ningeangukia. Watu wakaanza kukusanyika, kama kawaida yao. Fundi alitoka kwenye kibaraza chake, akaelewa jambo bila kuambiwa, akaenda katikati ya lami upande wa chini na kuinua spana. Nilisikia sauti yake ya kambini hadi juu kwenye mikalatusi: "Boda, simama hapo. Hakuna kupita. Afande anateremka."

Nilisimama juu ya ubao. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma juu ya mkunjo. Nilikuwa na hofu, sitawadanganya. Lakini chini ya hofu kulikuwa na ile hasira yangu ya zamani, nami niliijua hasira ile kuliko nilivyomjua mtu yeyote Bwera. Nikajisukuma mara moja tu.

Upepo ulifunga masikio. Lami ilikuwa inaimba chini ya magurudumu. Niliyumbisha mabega mara mbili, kulia, kushoto, nikasikia chuma cha mbele kinanitii. Kona ikaja. Ikaja na mtaro wake, na ndani ya mtaro alikuwa amesimama mtu pekee niliyekuwa naye upande huu wa mto, na kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumtazama yeye. Ningemtazama, ningemfuata. Nikayang'oa macho. Nikayapeleka juu ya bega la kushoto, mbali, kule chini ambako barabara ilionekana tena kati ya mabati ya soko. Kifua kikaenda. Kiuno kikaenda. Niliketi juu ya visigino, mgongo ukaingia kwanza mahali nisipopaona, magurudumu yakalia, na kwa kitambo kidogo nilijua uzito wangu wote uko wapi, kila ratili, na kwamba hakuna kilichobaki nyuma. Niligeuka mzima.

Kisha kona ikawa nyuma yangu. Barabara ilinyooka, nikaugeuza ubao kulia, kushoto, kulia, mpaka mwendo ukaisha, nikashuka mbele ya fundi. Alipiga saluti. Mwenye boda mmoja alipiga honi, akanyamazishwa. Niliuchukua ubao kwapani, nikapanda kurudi kwenye kona kumfuata Shangazi. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mengi, mengine makali, ya kumwambia yeye na Mama Masika na jirani wa Butembo na mwalimu wa zamu na kona yenyewe.

Alikuwa bado mtaroni. Panga lilikuwa limeangukia mawe. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kanga kifuani, na macho yake yalikuwa yamefumbwa, yamekazwa mpaka mikunjo ikafika masikioni.

"Umepita?" aliuliza bila kuyafumbua.

"Nimepita."

"Damu?"

"Hakuna."

Hapo akafumbua. Aliyatazama magoti yangu, moja, kisha la pili, akanitazama viwiko, akanishika kidevu akakigeuza upande na upande. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. Mama Masika alifungua mdomo, Shangazi akamwinulia kiganja, na mara ya kwanza tangu nifike Bwera Mama Masika akaufunga. Yale maneno yangu yote makali yakaniishia.

"Mi sikuona kitu," Shangazi akasema. "Nilifunga macho."

Aliinama akaokota panga, akatoka mtaroni, akasimama pembeni mwa lami mahali ambapo mtu angeweza kuona vizuri kutoka juu hadi chini.

"Panda tena," akasema. "Safari hii nitaangalia."